Pazia Yetu Imeenda Kazi

Nafula mwanangu,

Salamu sikupi, kwa sababu saa hii uko hapo chini kwa Mama Terry unasukwa, na nikitoa kichwa kwa dirisha nakuona ukikunja uso akikuvuta nywele. Chai ya asubuhi tumekunywa pamoja. Lakini kesho asubuhi unapanda gari unaenda Naro Moru kuanza kazi huko chini ya mlima, na kuna kitu uliniuliza juzi sijakujibu. Na wewe unanijua. Nikianza kujibu kwa mdomo nitapitia kwa jirani, nipitie kwa harusi ya nani sijui, nifike kwa ile kesi ya maji, na nikifika kwa jibu utakuwa umeshasinzia. Ungesema nikutumie voisi kwa simu, lakini voisi zangu unaskizanga nusu. Usikatae, najua. Kwa hivyo nimechukua karatasi. Mwandiko uvumilie, mimi shule niliiacha mapema na hata hiyo kidogo nilikuwa nyuma nikiongea.

Mambo ya kula na kulala sikuandikii. Umejipikia tangu uhamie hiyo chumba yako hapa hapa kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, na baba yako alishasema mbele yangu, bila aibu, kwamba chapati zako ni laini kuliko zangu. Nimemsamehe.

Uliniuliza hivi: "Mum, si uniwekee chumba? Miezi mitatu tu, mpaka wamalize kunijaribu kazini. Usimwambie landilodi nimetoka. Wacha tu pazia hapo dirishani, isionekane tupu."

Nikasema tutaona. Wewe ukadhani nafikiria renti. Sikuwa nafikiria renti. Ni hiyo neno pazia ilinishika.

Lakini ngoja kwanza, nianzie huko mlimani, kwa sababu tangu upate hii kazi mimi situlii. Umesomea mambo ya mauzo, umepata kazi ya kutafutia watu nyumba, na mamako hiyo ndiyo kazi amefanya hapa mtaani Baba Dogo tangu ukiwa mdogo, tofauti ni kwamba wewe umepewa meza. Sasa nikajiuliza, nyumba za huko zinaendaje? Zinajaa mwezi gani? Zinakauka mwezi gani? Nani anahamia mahali kama hapo, na anatoka akienda wapi? Nikamwendea Mama Shiku hapo kwa lango, kwa viazi vyake, mwenyewe huviita waru, si unajua alizaliwa Naro Moru na dadake bado yuko huko. Nimemsumbua mpaka akaniambia, "Mama Nafula, si uende wewe, msichana abaki hapa aniuzie waru?"

Lakini aliniambia. Anasema mwezi wa kwanza na wa pili huko ni jua, mlima unaonekana wote, na wageni wanakuja kuupanda. Zile nyumba za wageni zinajaa mpaka watu wanapangisha vyumba vya watoto wao. Nikamuuliza, sasa mtu atoke kwake mbali hivyo, apande mlima, akifika juu anafanya nini?

"Anashuka," akaniambia.

"Na analipa?"

"Analipa kupanda, analipa kulala, analipa wa kumbebea begi."

Nikakaa chini kwa gunia lake nikacheka. Halafu akaniambia kitu ingine nimeiwaza wiki nzima. Kuna mashamba ya maua huko, na mwaka ukianza yanaandika vibarua wengi, kwa sababu mwezi wa pili wazungu wanapeana maua ya mapenzi. Hao vibarua wanatafuta vyumba vya kulala karibu na shamba. Kwa hivyo singo za huko, vile vyumba vya moja moja, zinajaa kwa sababu watu wengine, mahali hatujawahi fika, wanapendana. Nimemwambia baba yako akasema hiyo ni umbea. Nikamwambia basi hii ni umbea ya maana.

Na mlima wenyewe, kumbe unauzwa. Eti nyumba moja na nyenzake zinafanana mabati mpaka choo, lakini ile dirisha yake inaona mlima renti iko juu. Na mlima unaonekana asubuhi mapema tu, baadaye mawingu yanaufunika. Ndio maana ajenti wajanja wa huko wanaleta wateja kukiwa bado na umande. Mteja anafungua dirisha, anaona ile theluji, anasahau kuuliza maji. Mimi hapa dirisha yangu inaona nguo za ndani za jirani wa ng'ambo, na hakuna siku landilodi amefikiria kuongeza bei kwa sababu ya hiyo.

Sasa hapo nikamuuliza Mama Shiku, "Na mwezi wa nne?"

Akaanza kupanga viazi vyake upya. "Mwezi wa nne ni mvua. Matope. Hakuna mtu anapanga kitu."

"Na wa tano?"

"Hiyo hiyo mvua."

"Na wa sita?"

"Baridi. Ukungu. Mlima unajificha, unaweza maliza wiki ukidhani wameuhamisha. Wageni hurudi shule zikifungwa, mwezi wa nane."

Nafula, hapo ndipo nilianza kuhesabu kwa vidole. Kwa sababu miezi yako ya kujaribiwa ni hiyo, wa nne, wa tano na wa sita. Hiyo ofisi imekuandika msimu wenye hata mimi, na huu mdomo wangu wote, nisingejaza kibanda cha kuku. Na nikaelewa kwamba wewe pia unajua. Ulishauliza, umeshapiga hesabu zako, na ndio maana unataka chumba ibaki na pazia. Unataka mahali pa kurudia kabla hujatoka.

Sasa wacha nikuambie vile mimi najua, ni kidogo lakini ni yangu.

Nilianza hii kazi nikifulia watu nguo, nyumba hadi nyumba. Mtu wa kufua ndiye hujua mapema nani anahama. Mtu akianza kuomba katoni dukani, anahama. Akiacha kununua mkaa gunia, ananunua kwa mkebe, anahama. Mke akikunja nguo zake peke yake mbali na za bwana, huyo anahama na bwana hajui. Mimi sikuwa mnoko wa kupeleka maneno, nilikuwa naangalia tu, halafu mtu akiniuliza kama kuna nyumba nasema iko moja itatoka mwisho wa mwezi, na mwenyewe ndani hata hajamwambia landilodi. Hivyo ndivyo niliacha kufua.

Na nikajifunza kwamba nyumba ziko na msimu kama maembe. Mwezi wa kwanza watu wanarudi kutoka ushago kwa wazazi, Disemba imewamaliza, shule inangoja, na unaona mtu amebeba sofa akitoka kwa nyumba ya vyumba viwili akiingia singo, sofa inakataa mlango. Hapo unapangisha singo mpaka unachoka. Mwezi wa nne mvua inafanya kazi yake. Wa chini maji yanaingia kwa mlango, wa juu kabisa mabati yanavuja, na wote wanataka ile floo ya katikati. Mwezi wa saba baridi, watu wanatafuta upande wenye jua, wanakuja kushika ukuta kwa mkono kama wanapima homa ya mtoto. Na Disemba hakuna kitu. Disemba hata ukipeana nyumba na kuku ndani, mtu anakuambia tuonane Januari.

Kwa hivyo nikiingia kwa nyumba tupu, swali langu la kwanza ni moja, na ninataka uende nalo. Aliyekuwa hapa alihama mwezi gani? Sio kwa nini. Ukiuliza kwa nini, landilodi anakudanganya, jirani anakudanganya vizuri zaidi. Uliza mwezi. Alihama Januari, ni mfuko. Alihama mwezi wa nne, angalia sakafu. Alihama katikati ya mwezi, tena jioni, tena na mkokoteni, hapo ni jirani ama ni mapenzi, na hiyo ukiniachia nitakutafutia mwenyewe.

Ukifika huko kwa ofisi, muulize huyo mama mwenye ofisi, kwa heshima, msichana aliyekuwa kwa hiyo meza kabla yako aliondoka mwezi gani. Akisema mwezi wa tano, ujue si wewe wa kwanza kupewa mvua uuze.

Sasa pazia.

Unakumbuka pazia yetu ya maua ya manjano, ile nilinunua Eastleigh, iliyokuwa ikigawanya chumba, kitanda chetu huku, godoro lako kule? Na unakumbuka siku zingine ulikuwa ukitoka shule unakuta haiko, unaona mpaka kwa kitanda yetu, unauliza, "Mum, pazia imeenda wapi?" Na mimi nasema, "Pazia imeenda kazi."

Ulikuwa unakubali tu. Siku moja ulimwambia mwalimu kwamba nyumbani kwenu wanaofanya kazi ni baba, mama na pazia. Akaniita.

Lakini ilikuwa ukweli. Hakuna mtu anapenda kuwa wa kwanza kwa ploti tupu. Anapita, anaona madirisha meusi, anajiuliza wenzangu walikimbia nini. Kwa hivyo miezi mibaya nilikuwa nachukua hiyo pazia naenda kuitundika kwa dirisha ya chumba tupu, basi ploti inaonekana iko na mtu. Mwenye ploti anafurahi. Nikijaza chumba moja, natoa pazia, naihamisha ploti ingine. Nilijiona mwerevu sana. Kitu sikufikiria ni kwamba watu wa huku wana macho. Kulitokea maneno mtaa wa pili, Lucky Summer, kwamba kuna mwanamke mwenye pazia ya maua ya manjano anafukuzwa kila ploti kwa sababu ya mabwana za watu. Na mimi mwenyewe, kwa sababu napenda habari, niliketi saluni nikasikiliza hiyo hadithi mpaka mwisho nikiuliza, "Kwani ni nani huyo?" Nilikuja kujua ni mimi nikiwa nusu njia nyumbani.

Hiyo haikunifundisha kitu, ilinichekesha. Kilichonifundisha ni Mama Shiku.

Hujawahi ambiwa hii, kwa sababu yeye anasemanga tulikutana kwa nyumba, anaachia hapo. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua. Kulikuwa na mzee mwenye ploti huko Lucky Summer, chini karibu na mto, tulikuwa tunamuita Guka, yaani babu. Floo yake ya chini ilikuwa imeingia maji, watu wakahama, na wa juu nao wakaogopa wakafuata. Akaniambia, Mama Nafula, jaza. Nikaleta pazia, nikaitundika juu, chumba ya pembeni.

Siku hiyo hiyo akaja msichana na mtoto mgongoni. Mtoto ndiye Shiku. Bwana yake alikuwa amepata kazi ya barabara huko mbali, na yeye Nairobi hakuwa anajua mtu. Akaangalia kile chumba nilimwonyesha, akasema ni kizuri. Halafu akasimama kwa korido akasema, "Lakini mimi naogopa kukaa peke yangu. Ni nani anakaa hapo?"

Alikuwa ameonyesha pazia.

Nafula, mdomo wangu hauulizangi kichwa. Nikasema, "Hapo ni nasi wa hospitali. Anafanya kazi usiku, mchana analala. Mtu mpole sana."

"Anaitwa nani?"

"Sista Beti."

Akalipa siku hiyo. Akaingia na godoro moja na sufuria mbili. Na mimi nikajua kwamba sasa pazia haiwezi kutoka. Ukawa unaniuliza nyumbani, "Bado iko kazini?" Nakuambia, "Iko ovataimu."

Nikipita kuangalia mambo ya Guka, Mama Shiku ananiambia habari za Sista. "Jana nilimsikia akirudi." Amesikia nini, mimi sijui. "Namnyamazisha mtoto mchana asimwamshe." Halafu akaanza kupika akimwekea. Anaacha sahani kwa mlango, imefunikwa. Mimi nikiona hivyo naogopa, kwa sababu sahani ikikaa hapo mpaka kesho maneno yameisha. Kwa hivyo nikawa napita jioni akiwa amefunga mlango, nachukua ile chakula, naosha sahani, naiacha hapo. Ile mukimo ya viazi vya kupondwa ulikuwa unapenda ukiwa mdogo, ile uliniuliza mbona mimi sijui kupika kama hiyo? Nilikuambia tu imepikwa kwa Sista. Ilikuwa sahani ya Sista Beti.

Akafurahi vile sahani inarudi safi. Akaniambia, "Huyo amelelewa vizuri."

Sasa Pasaka ikafika. Akaniuliza kama Sista atakuwa ofu, hayuko kazini, na mimi, sijui ni shetani gani, nikasema ndio, nafikiri Jumapili atakuwa. Hiyo Jumapili nilienda huko na moyo mzito nikisema nitamwambia Sista ameitwa kazini. Nikapanda ngazi. Mama Shiku alikuwa ametoa stuli mbili kwa korido, moja ameketi, ingine haina mtu, imepanguswa. Amevaa nguo ya kanisa. Mtoto amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Sahani mbili, zimefunikwa. Na mvua inapiga mabati, na upepo unatoka upande wa mto, ukaingia kwa kioo kimoja kilichovunjika cha ile dirisha, ukainua pazia yetu yote juu.

Ndani kulikuwa na simiti na mkebe wa rangi.

Pazia ikashuka. Ikainuka tena. Yeye akaangalia, hakusimama. Akaniuliza polepole, "Sista hana kitanda?"

Nilisema tu, "Mama Shiku."

"Ama amehama?"

"Hakuwahi kuwa."

Nilingoja anitukane. Watu wa hii kazi tumetukanwa, tumezoea, unatikisa masikio unaendelea. Hakunitukana. Akafunua ile sahani ya pili akaniangalia akasema, "Kukaa peke yangu ningezoea. Lakini umenifanya nipikie dirisha."

Halafu akasema, "Na nilikuwa nimeanza kumpenda."

Hapo nikakaa kwa ile stuli nikalia, na yeye akalia, na Shiku akatuona akaanza kulia, halafu kwa sababu hapakuwa na kitu ingine ya kufanya tukakula. Tukiwa tunakula akaniuliza, "Sasa hizo sahani zote nani alikuwa anamaliza?" Nikamwambia ni wewe. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema basi huyo mtoto aje nimwone, nimemlisha bila kumjua. Kesho yake nikakuleta, na ukamuuliza mbele yangu, "Wewe ndio Sista?"

Bwana yake aliporudi walihamia hapa kwa ploti yetu. Mama Shiku alisema safari hii anataka jirani amemwona kwanza kwa macho. Na pazia ilirudi nyumbani ikaacha kazi, ndiyo hiyo ulihama nayo ukaenda chumba yako. Kuanzia hapo nikawa naonyesha nyumba tupu ikiwa tupu, dirisha wazi, na nikipata mteja wa mwezi wa nne nampeleka mvua ikinyesha kabisa, tunaingia na gambuti, namwambia angalia hapo juu, shika hapo chini. Guka alisema nimepatwa na wazimu. Lakini mtu aliyeona nyumba kwa mvua akaichukua, huyo hatoki. Wa Januari ndio hutoka, yule aliona jua akadhani ni nyumba.

Ndio nakuambia, mimi hiyo miezi yako mitatu siioni kama laana. Sitakudanganya ni miezi mizuri, Mama Shiku amesema hakuna mtu anapanga na mimi namwamini. Lakini hakuna mtu atakuwa anajifanya. Nyumba itavuja mbele yako. Ploti ya kujenga ambayo mtu alinunua Januari ardhi ikiwa ngumu, utaiona ikiwa bwawa na vyura ndani. Vaa gambuti uende uzione zote, hata kama hakuna mteja, na ukirudi mwambie huyo mama wa ofisi ile inavuja na ile haivuji. Labda atakuweka, labda hatakuweka, mimi simjui. Ila wale wageni wakirudi mwezi wa nane, katika hiyo ofisi wewe ndiye utakuwa unajua ukweli, uwe umebaki ama umetoka. Na wewe si wa kuogopa mvua. Nilikuzaa ikinyesha, ndio hiyo jina Nafula. Jirani aliyekuja kunisaidia alikuwa ameshika mwavuli ndani ya nyumba.

Sasa jibu lako.

Hapana, mwanangu. Chumba sikuwekei. Nimeshamwambia landilodi inatoka.

Usikasirike kwanza, soma. Najua vile itakuwa nikiiweka. Pazia iko hapo, nikipita nikienda kuanika nguo nitaangalia. Jioni nikipika nitaongeza kikombe ya unga, nitasema labda. Nitasikia kiatu kwa ngazi niseme ni wewe. Mimi nitapikia dirisha, Nafula, na wewe huko utakuwa ukilala mguu mmoja nje. Mteja akikukaripia, siku ya kwanza ya matope, utasema kwani ni nini, chumba yangu si iko. Ningependa sana uwe karibu. Ningependa mpaka naona ningeweza kuombea hiyo ofisi mabaya, na hiyo siitaki ndani yangu.

Pazia nimeshaitoa. Nimeifua nikaianika, na ukirudi kutoka kusukwa utakuta dirisha yako wazi, usishtuke. Imekauka upande mmoja. Hii barua nitaikunjia ndani yake, kwa hivyo kama unasoma umeshaiona. Imefifia, yale maua ya manjano sasa yanakaa kama chai ya maziwa, lakini upepo bado inazuia, na Mama Shiku anasema huko upepo uko. Itundike mahali unalala wewe. Isiende kazi tena.

Na miezi ikiisha vibaya, unarudi hapa kwetu, kwa sofa, na miguu yako itatokea upande ule mwingine kama zamani. Utakaa, nitakuuliza maswali mpaka uchoke, halafu tutakutafutia chumba. Mwezi wa saba vyumba huwa viko, ajenti unamjua.

Lakini kabla ya hapo nataka habari. Niambie kama ni kweli nyumba zao ziko na shimo ya moto kwa ukuta, na moshi unatoka wapi. Niambie kama mwenye nyumba akiwa na mlima kwa dirisha hata yeye anauangalia ama ameuzoea kama sisi na nguo za jirani. Niambie hao wa maua wakimaliza mwezi wa pili wanaenda wapi na masufuria yao. Na uliza ile ya mwezi gani, usisahau. Hii moja tumia voisi, ndefu, mimi nitaskiza yote.

Mama Terry amefika kwa kisogo, naona. Niharakishe.

Jumamosi kuna msichana anakuja kuona chumba yako. Anafanya hapa kiwandani, amekuwa akikaa na dadake na watoto wa dadake, anataka mahali pake pa kwanza. Nitamwonyesha mwenyewe, tupu ilivyo, na ikinyesha ni sawa. Na najua ataniuliza aliyekuwa hapo alihama kwa nini, ni maji? Miaka yote watu wananiuliza hiyo, na miaka yote nimekuwa nikitafuta la kusema. Safari hii ninalo. Nitamwambia si maji, si jirani, si mfuko. Ni mtoto wangu, amepata kazi huko mlimani.

Na akiniuliza, "Na akirudi?" nitamwambia, wewe ingia ulale, mama. Akirudi ni wa kwangu.

Mamako.